Jina la Tisa

Lewisham, Jumanne, Desemba

Bado nimeduwaa. Mzee Rafael wa kitanda cha nne wodini kwetu, yule wa Jamhuri ya Dominika, asubuhi hakujua leo ni siku gani. Nikajaza fomu: kumbukumbu dhaifu. Kwa fomu hiyo wataamua arudi kwake au apelekwe nyumba ya wazee.

Mchana nikamwuliza kuhusu kofia yake nyekundu, asiyoivua hata akilala. Akafunguka. Ni ya timu yake ya besiboli, inayocheza msimu wa baridi, ligi kubwa za Marekani zikiwa zimepumzika. Timu ya watu tisa, iliyoanzishwa na wakata miwa. Mwaka mmoja kimbunga kikang'oa jukwaa la watazamaji, watu wakatazama msimu mzima wamesimama, na mwaka huohuo wakachukua ubingwa. Kisha akawataja mabingwa wale, mmoja mmoja, na mji wa kila mmoja, kama mtu anayesoma maulidi bila kitabu. Mimi jina la babu wa babu yangu silijui.

Lakini akaishia wanane. Nikaandika kwenye fomu: amesahau mmoja.

Jioni alikuja binti yake, nikamweleza. Akatabasamu. "Wa tisa ni yeye, sista. Hajitaji hata siku moja."

Nikarudi kitandani. "Mzee, na wa tisa je?"

Akaishusha kofia machoni. "Ah, yule. Yule alikuwa wa kawaida tu."

Kazini tunafundishwa kukata kosa kwa mstari mmoja, ili liendelee kusomeka. Yale maneno "amesahau mmoja" mimi nimeyakata kwa mitatu.