Nani Alianza Kusalimia?

Kwako Mama, mwenye mguu uliokataa kutulia,

Jana nilifungua lile sanduku la mbao ambamo mume wangu, Baba Awino, huweka vyuma vyake, nikaikuta ile kengele. Imeshika kutu kidogo. Nikaigusisha na betri, ikalia, na mtoto wetu Awino akaja mbio kuniuliza nani yuko mlangoni. Nikacheka peke yangu. Halafu swali langu la zamani likanirudia, lile ambalo wewe na mkwe wako mlikataa kunijibu. Miaka ya tisini inaisha na mimi bado nauliza.

Unakumbuka ulivyoanguka? Uliteleza kwenye mtaro pale mtaani kwako Lindi, hapa Nairobi, na beseni la samaki wako wa omena kichwani, mfupa wa paja ukavunjika, na cha kwanza ulichouliza ukiwa chini ni kama omena imemwagika. Hospitalini walikutia chuma, kisha wakakuruhusu na magongo mawili na agizo moja: utembee kidogo kila siku, lakini usiwe peke yako. Hapo ndipo shida ilipoanza. Mimi niliishi Gatina na mume wangu, na kwetu mama halali nyumbani kwa mkwewe. Nilikusihi. Nikakuambia hapa ni Nairobi, nani atajua? Ukaniangalia kama niliyekutukana.

"Mimi nitajua," ukasema.

Kaka yangu Owino alikuwa na jibu lake tayari. "Akianguka tena, nampakia basi la kwenda kijijini Siaya siku hiyo hiyo." Na wewe hukutaka. Nyumba yako ya kule ilikuwa imefungwa tangu Baba afariki, na watu wako wote, wa kanisa na wa omena, walikuwa Lindi. "Nikienda huko nitaongea na nani? Na mbuzi?" ukamuuliza. Mimi niliogopa, Mama. Niliogopa uanguke tena, na zaidi niliogopa upweke ukumalize huko mbali nami.

Baba Awino alisikiliza haya yote huku akitengeneza redio ya mtu. Unamjua fundi yule. Ukimwambia nyumba inaungua atauliza kwanza waya umeanzia wapi. Siku ya pili akaniuliza, "Mama akishuka kitandani, anaanza na mguu gani?" Sikujua. Nani hujua kitu kama hicho kuhusu mamake? Basi nikaja kukutazama, na nikashangaa ni mambo mangapi sikuwa nimeyaona. Ulishusha kwanza mguu mzima, ukavuta pumzi, ukamtaja Yesu, ndipo ule mgonjwa ukafuata.

Yeye akakata kopo kubwa la mafuta ya kupikia, akapata vipande viwili vya bati, katikati akaweka vijisponji vya godoro. Ukikanyaga, bati zinagusana. Ukiondoa mguu, zinaachana. Waya ulipita kwenye tundu la ukuta wa udongo hadi chumba cha jirani yako, Mama Nekesa. Huko aliweka betri za redio na kengele ya mlango iliyotupwa na watu wa mtaa wa Ayany. Ukishuka kitandani inalia, ukirudi inalia tena. Ikikawia kulia mara ya pili hadi uji uchemke, Mama Nekesa aje mbio.

Lakini kuiweka sasa! Mkwe hagusi kitanda cha mama mkwe, hata pazia lake havuki. Akakaa kwenye stuli pale mlangoni, amegeuza mgongo, akinielekeza mimi niliyepiga magoti kando ya kitanda chako.

"Weka ile nyekundu juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya ile ingine, Akoth!"

Nikafunga nyaya zote mbili kwenye bati moja. Kengele ikalia bila kukoma, Mama Nekesa akaingia na mwiko wa ugali mkononi, tayari kukuokoa. Ulicheka hadi ukashika paja.

Kwa muda kitu kile kilifanya kazi vizuri. Kisha Mama Nekesa akaanza kulalamika. "Hii mashine yenu imeshindwa. Jioni inalia mara mbili, haraka haraka. Ati ameshuka, amerudi, na hata hajatoka!" Owino akasikia. Akasema kama mashine ni mbovu hakuna la kungoja, Jumamosi unasafiri.

Nilikuja kabla ya Jumamosi. Nilikuwa nawasha stovu ya kupampu, nayo inanguruma, wakati Baba Awino alipopita kwa Mama Nekesa kuangalia betri, kama alivyofanya kila akitoka kazini. Nikasikia kikohozi ng'ambo ya ukuta, kikavu, cha mtu asiyeumwa. Nikasikia pia kengele, mara mbili. Kipi kilitangulia? Stovu ile ilininyima jibu. Nilipogeuka, mguu wako mzima ulikuwa bado juu ya bati.

"Mama, unafanya nini?"

"Namsalimia mkwe wangu. Miaka yote hii anakaa mlangoni, anakula haraka kama mtu wa kuachwa na gari. Kusalimia na kengele, hiyo pia ni mwiko?"

Nikauliza tu nani alianza. "Yeye," ukasema, ukaangalia pembeni. Nyumbani nikamuuliza yeye. "Mama ndiye alianza," akasema, akainamia redio yake.

Jumamosi nilimkalisha Owino kwa Mama Nekesa, nikampa chai, nikamwambia asikilize ile salamu ya jioni. Alisikiliza hadi chai ikapoa. "Basi akae," akasema mwishowe. "Lakini salamu iwe mara tatu, Mama Nekesa asipate presha."

Ukakaa. Ukaacha gongo moja, ukaacha la pili, ukarudi kwa omena zako, na ulikataa katakata tuiondoe ile bati. Haukuwa mguu uliokuondoa, Mama, ilikuwa malaria, na nakukosa hadi leo ninapopita mahali panaponukia omena.

Siku tuliyokuzika, Baba Awino alisimama mbali karibu na ua, kama mkwe anavyosimama. Watu walipokwenda kula nilibaki nyuma ya nyumba, hakuniona. Akasogea hatua chache kuelekea kaburi lako. Akakohoa mara moja, kile kikohozi kikavu, akainamisha kichwa akitega sikio. Akangoja. Akangoja sana.

Basi nikajua nani alianza. Sijamwambia.

Pumzika, Mama. Kengele nimeirudisha sandukuni na betri mpya kando yake.

Ni mimi mwanao, niliyefunga nyaya vibaya,
Akoth