Somo la Mrija

Jumanne, 4 Machi 2025

Kompyuta ishirini na nne zimefika. Meza za maabara zimesukumwa ukutani. Pipeti za kioo za kuvutia dawa, bureti na chupa zote zimefungiwa stoo. Ufunguo niliuzungusha mwenyewe, na nilifurahi — nisijidanganye humu. Miaka kumi na tatu nafundisha kemia hapa Kibuli, nimechoka kuokota vioo vilivyovunjika.

Mzee Dawudi, fundi wetu wa maabara, amepewa barua ya kustaafu. Hajji Uthman, mkuu wa shule, aliniuliza kama tutaweza bila yeye. Nikasema tutaweza. Sikufikiri hata dakika moja.

Alhamisi, 5 Juni

Rumaisa wa darasa la Sinia Nne amemaliza jaribio zima kwenye skrini kwa dakika sita. Anabofya pipeti, inajaa. Anabofya chupa, maji yanapanda mpaka alama. Hakuna tone linalomwagika. Anataka kuwa mfamasia. Mama yake, Mwanawetu, anauza vitambaa sokoni Nakivubo, na mbele ya wateja tayari anamwita daktari wangu.

Leo pia nimejaza fomu ya shule: wanafunzi wamefanya majaribio mangapi wakiwa na vifaa mkononi? Nikaandika kumi na mawili. Kweli yake ni sifuri. Nilijiambia tutafungua stoo wiki ijayo.

Jumatano, 16 Julai

Mtihani wa majaribio, ule wa kuwapima kabla ya wa taifa. Ndiyo kwanza stoo inafunguliwa. Vile vipira vya kuvutia pipeti vimetafunwa na panya, vyote. Nikawaambia watumie mdomo, kama tulivyofanya sisi wakati wetu.

Swali la kwanza: vuta mililita kumi za sodiamu haidroksaidi, ile kali, kisha uizimue kwa maji. Rumaisa ndiye aliyeinama kwanza. Ncha ya pipeti ikatoka juu ya dawa naye bado anavuta. Hewa ikaingia, dawa yote ikamrukia kooni.

Aliiweka pipeti mezani taratibu, isivunjike. Halafu akashika shingo.

Nimemsukutua kwa maji ya bomba, tena na tena. Tukapanda boda moja kwenda hospitali, yeye katikati, mimi nyuma nimemshikilia. Siwezi kuandika zaidi.

Ijumaa, 18 Julai

Wamempitishia kamera kooni. Ulimi umeungua, koo limeungua. Daktari anasema kovu linaweza kulibana koo asimeze chakula kigumu tena. Watajua baada ya wiki kadhaa. Haongei. Anaandika kwenye daftari. Jambo la kwanza aliloniandikia: Ticha, samahani, nilimwaga.

Nilitoka nje nikalia kwenye stendi ya boda, mbele ya watu. Mwanamume wa miaka hamsini.

Jioni Mzee Dawudi amepiga simu kutoka kwake Nateete. Amesikia. Aliuliza jambo moja tu: uliwapa soda?

Kila mwaka, kabla mtoto hajagusa pipeti, mzee huyu alikuwa anampa soda na mrija. Anywe. Halafu auinue mrija juu ya soda akiwa bado anavuta, ahisi hewa inavyoingia kwa nguvu na soda inavyomvamia. Watoto walikuwa wanacheka, soda inawatoka puani. Mimi niliona ni mchezo wa kunilia kipindi changu. Nikamwambia: hapana, mzee, sikuwapa. Akasema atamwombea mtoto, akakata. Heri angenitukana.

Jumatatu, 21 Julai

Hajji ameniita ofisini. Barua kwa mzazi imeshachapwa, Kiingereza kimenyooka: mwanafunzi alifundishwa ipasavyo, hakufuata maelekezo, shule inamtakia afueni. Chini, nafasi ya sahihi ya mwalimu wa somo.

"Ssebo Makokha," akaniambia kwa heshima, "ile form ya June ni mkono yako. Kumi na mbili, wewe ndiye uliandika." Hakupandisha sauti. Akaongeza kwamba kibali changu cha kazi, mimi mgeni nchini, kinaisha Septemba, na barua ya kukiombea huandikwa hapo mezani kwake. Akanisogezea kalamu.

Nimetia sahihi.

Jumanne, 22 Julai

Wodini, saa kumi na dakika ishirini. Naandika nimekaa kwenye kiti cha plastiki.

Mwanawetu ameipokea barua, akaigeuza huku na huku, akanirudishia. "Mwalimu, hii Kizungu inanishinda. Nikitoka kuswali unisomee na Kiswahili, pole pole. Ile utasema, mimi nitaamini." Akaenda.

Kwa hiyo naweza kuisoma vyovyote nitakavyo. Hatajua.

Rumaisa akanyoosha mkono. Sikuweza kumnyima. Ameisoma yote mpaka kwenye sahihi yangu, akarudi juu akaisoma tena. Kisha akaandika kwenye daftari lake: Ticha, ni maelekezo gani sikufuata? Nataka niyajue, nisirudie.

Hana kejeli mtoto huyu. Anauliza kweli.

Nesi ameleta maziwa ya baridi na mrija. Anavuta kidogo kidogo, machozi yanamtoka kwa maumivu. Maziwa yanapungua kikombeni naye anaufuatisha mrija chini, chini, hautoki juu hata mara moja. Hilo analijua tangu utotoni. Nilitakiwa kumwambia tu kwamba pipeti ni hivyo hivyo.

Mwanawetu amerudi. Amevuta kiti karibu yangu, ametengeneza mtandio, amekaa. Ananitazama ninavyoandika. Anadhani ninamwandikia barua ile kwa Kiswahili, aende nayo nyumbani.

Ameuliza kama nimemaliza.