Fundi wa Kubana Picha

Jumatatu, 4 Machi
Diski ya studio imejaa. Picha za miaka tisa! Bosi anataka programu ya kuzibana, ziwe ndogo bila kuharibika. Ya kununua hataki – tujenge wenyewe kutoka kwenye msimbo, yale maandishi ya programu, unaogawiwa bure mtandaoni. Kazi amenipa mimi. Kwani fundi wa kompyuta hapa nani?

Jumatano, 6 Machi
Siku ya tatu. Naamuru ijengwe, inagoma. Eti maktaba ya rangi, kile kifurushi cha msimbo inachokitegemea, haipo. Nimeiweka. Sasa haipo nyingine. Nimesoma maelekezo yote, kurasa arobaini, hadi yale maandishi madogo ya mwisho.

Alhamisi, 7 Machi
Binti mpya wa mapokezi ameomba ajaribu kidogo. Nimemwachia kiti ili aumbuke. Kwenda kula, kurudi – imejengwa! Kumbe maktaba zangu zilikuwa za toleo la zamani. Amezitoa, ameweka mpya, basi. Bosi amemwita Fundi. Fundi! Hilo jina langu, miaka sita sasa. Nimepiga makofi na wenzangu. Roho inaniuma, nimfiche nani humu?

Ijumaa, 8 Machi
Ameniletea chai mezani. Ananiita dada, anasema bila siku zangu tatu asingefika popote. Wema wake ndio unaonichoma. Nimemsimulia mama. Jibu lake: nyota njema huonekana asubuhi. Asante, mama!

Jumamosi, 9 Machi
Leo zinabanwa picha zote. Bosi amesimama, wapigapicha wamejaa mlangoni. Nikaichungulia amri aliyoandika Fundi wao. Hajataja picha zilizobanwa ziwekwe folda gani! Usipotaja, programu inaandika juu ya picha zenyewe, na hazirudi tena. Ukurasa wa thelathini na nane, maandishi madogo. Na ubora ameuacha chini, ule wa majaribio. Harusi zote zitakuwa ukungu. Nakala nyingine hatuna.

Si kosa langu, nikajiambia.

Akanigeukia mbele ya watu wote. "Dada, wewe ndiye uliyesoma maelekezo yote. Kuna kitu nimesahau?"

Nikasema ngojeni, nakunywa maji kwanza. Niko jikoni, naandika haya nimesimama. Glasi imejaa, sijaigusa. Ukuta mwembamba, nasikia kila kitu. Bosi anamwambia abonyeze tu, huyo atatukuta.

Yeye anasema hapana, tumsubiri dada.