Maoni Ambayo Mjomba Hakuyaandika

Mpendwa Mshauri, shikamoo. Nimesoma safu yako miaka mingi nikiwacheka wanaokuandikia, na sasa zamu yangu imefika, nisaidie kabla nyumba yangu haijagawanyika kwa sababu ya ngazi.

Mimi ni katibu wa kamati inayoandaa mwongozo wa ngazi za kupandia, zile za mbao na chuma wanazotumia mafundi wa rangi na wa umeme, na zamani kazi ilikuwa rahisi, tulikaa ukumbini, wajumbe wakabishana, nikaandika walichosema, lakini ofisi kuu ikaleta mfumo wa mtandaoni ambapo katibu anapakia rasimu, kila mjumbe anaingia kwa neno lake la siri, anasoma, anaandika maoni yake pembeni, na muda ukiisha rasimu inajifunga na kwenda kuchapishwa. Wajumbe wangu watano ni wastaafu, walihudhuria mafunzo ya mfumo huo asubuhi moja wakaondoka na kalamu za bure, na kabla ya jioni wote walikuwa wameshanipa maneno yao ya siri, "Wewe ndiye kijana," waliniambia, nami nina mvi.

Mwanzoni niliwapigia simu mmoja mmoja, nawasomea, wanasema, naandika, lakini rasimu ni ndefu, ikafika mahali wananikatiza, "Andika unavyoona, si unatujua?" na kwa kweli nawajua, basi nikaandika "Nakubali" kwa majina yao yote, na ofisi kuu ikairudisha rasimu ikisema haikuona mjadala. Mshauri, nikawapa mjadala. Nilichagua kidato cha juu kabisa cha ngazi, kile ambacho mtu hapaswi kukikanyaga kwa sababu hana tena pa kushika, na kwa jina la baba mkwe wangu, naye mjumbe, aliyekuwa mkuu wa chuo cha ufundi, nikaandika kwamba kipakwe rangi nyekundu, halafu nikatoka, nikaingia kwa jina la mjomba wangu, mkandarasi mstaafu, ndiye aliyenilea, nikapinga, nikasema rangi huchakaa na kidato hicho kiondolewe kabisa, na kwa kuwa mjomba hazungumzi bila kuchoma, nikaongeza, "Mwenzangu anaonekana hajawahi kupanda kitu kirefu kuliko kitanda chake." Niliona nimemwiga vizuri sana. Ofisi kuu ilitupongeza kwa uhai wa kamati.

Nilichosahau ni kwamba mfumo humtumia kila mjumbe barua pepe yenye maoni ya wenzake, na barua pepe za baba mkwe anayemsomea ni mke wangu, na alimsomea zote, pamoja na kitanda. Mzee akampigia mjomba simu, nami nikajua mjomba atasema hajui lolote, nitaumbuka, yataisha, lakini mjomba, ambaye hajawahi kuufungua mfumo huo hata siku moja, kuliko kukiri hilo mbele ya mkwe alijibu, "Niliandika mimi, na ukitaka narudia." Tangu hapo hawasalimiani, baba mkwe amepaka ngazi ya nyumbani kwake rangi nyekundu, mjomba amekata kidato cha juu cha ngazi yake kwa msumeno, na mke wangu amesema siku mjomba akikanyaga kwetu yeye anakwenda kwao. Nikisema ukweli nitawapoteza wote wawili, nikinyamaza nitampoteza aliyenilea, rasimu inajifunga wiki ijayo, na jana mjomba alinipigia akaniamuru niandike jibu kali zaidi, "Kwa maneno yako, wewe unajua ninavyosema." Nifanye nini?

Ni mimi, Kamati Nzima.

*

Ndugu Kamati Nzima, marahaba.

Pole. Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nikamkumbuka fundi atakayepanda hiyo ngazi, kicheko kikaniisha, maana wewe mwenyewe humkumbuki popote isipokuwa pale ulipokuwa unanieleza kazi yako.

Niruhusu nikueleze kamati ni ya nini, ingawa ulipaswa kunieleza wewe. Mtu akiwaza peke yake, hata awe hodari vipi, kosa lake halioni, kwa sababu jicho lililolikosa mwanzo ndilo hilo hilo linalorudi kulitafuta. Ndiyo maana huitwa watu watano, kila mmoja akiwa ameshaanguka kutoka ngazi yake. Wewe umebishana na wewe, ukajitukana, ukapongezwa. Na usiniambie walikutuma. Walikutuma kuandika. Kitanda ni chako.

Wazee nao wana lao, na hapa ndipo hukuangalia vizuri. Unamwona mjomba peke yake ndiye aliyedanganya. Je, baba mkwe? Hakuomba rangi yoyote! Angeweza kumwambia binti yake, "Mimi sikuandika hayo," na ugomvi usingezaliwa. Kila mmoja anajua kwamba yeye hakuandika, na kila mmoja anaamini kwamba mwenzake aliandika kweli. Wanaoneana aibu, basi.

Sasa sikiliza. Leo hii zuia rasimu isijifunge, na uiandikie ofisi kuu kwamba maoni yale yote ni yako. Huenda ukavuliwa ukatibu. Uvuliwe. Ukitoka hapo mwambie mkeo, asije akasikia kwa baba yake. Kisha nenda kwa mjomba, peke yako, nyumbani kwake, bila shahidi. Ukimuumbua mbele ya mkwe utakuwa umemtukana mtu wa pili. Mwombe radhi, halafu mweleze kwamba mwenzake naye hakuandika hata herufi moja. Mpe muda wa kununa. Kwa baba mkwe fanya vivyo hivyo, na huko upige goti, maana kule ni ukweni.

Baada ya hapo waite wote watano ukumbini kama zamani. Wasomee rasimu kwa sauti, neno kwa neno, hata wakisinzia. Zile ngazi mbili ziletwe, ile nyekundu na ile iliyokatwa, wapande wenyewe, wafike juu, waone mkono unatafuta nini pale pasipo na kitu cha kushika. Ndipo kila mmoja akae mbele ya kompyuta aandike maoni yake, wewe ukimwonyesha herufi ilipo, hata kama mtakesha. Maneno ya siri wabadilishe, na usiambiwe hata moja.

Watagombana tena, nakuhakikishia, na safari hii vikali zaidi, kwa sababu mmoja ameshapaka na mwingine ameshakata. Waache. Huo ndio mjadala ofisi kuu iliuomba. Na mjomba akiwa kule juu, akageuka kukutazama ili umpe neno la kuchoma, mwambie huwezi, mikono yako yote miwili imeshika ngazi.