Folda ya Ndani

Mwanangu,

Hatujambo. Paa limezibwa, na mama yako anatembea tena bila mkongojo.

Mdogo wako amefukuzwa kazi katika ofisi ya ramani. Ramani yake ya mabomba ilibadilishwa na mtu baada ya yeye kuikabidhi, na mafundi wakachimba mahali pasipo na bomba. Alipojitetea, mkuu wake alifungua ile programu uliyowatengenezea ya kunasa kila badiliko la mafaili, akacheka: "Mashine haijaona badiliko lolote, bwana. Au imebadilishwa na malaika?"

Wewe mwenyewe ulinieleza kwamba kiini cha mfumo wa kompyuta zao huiarifu programu mabadiliko ya ile folda tu ambayo programu imeomba itazamwe. Folda iliyomo ndani yake ni lazima iombewe peke yake. Ramani ilikuwa katika folda ya ndani, nawe hukuiombea. Kimya cha mashine si ushahidi.

Nilimwuliza mdogo wako kama amekueleza. Akanijibu, "Kaka anajua, baba. Anaogopa wateja watamkimbia."

Mwandikie mkuu huyo leo, ukiri kasoro ya programu yako. Wateja utapata wengine. Mdogo wako ni huyo mmoja.

Ni mimi baba yako, ninayesubiri nakala ya barua hiyo.