Mkono Ambao Haukuchoka

Mama Halima,

Sijui mtu aliyelala anasalimiwa aje, kwa hivyo nakusalimia tu kama kila siku. Sisi hapa Kitengela tuko. Upepo ni ule ule wa vumbi, unaanika nguo nyeupe unaanua kijivu. Halima wako amechukuliwa na mjomba wake Garissa, duka limefungwa.

Ulipozikwa nilikulilia wewe. Halafu, nakuambia ukweli, nikamlilia Zakayo wangu. Ana miaka minne na shingo yake bado haijashika. Nani tena angekaa na yeye nikienda kushona kiwandani? Nikasema basi, kazi imeisha.

Unakumbuka ulipopooza upande mmoja? Asubuhi Halima akifungua duka, mimi nakulisha. Nilifikiri utaona haya, mama mzima mwenye mali yake. Wapi! Ulimeza ukanisuta: "We Mluhya, huu uji ni wa kunywa ama wa kujenga?" Halafu ukataka Zakayo alazwe kwa ule mkono uliokufa. "Weka hapa. Huu hauwezi kuchoka." Mchana kutwa mlikuwa hapo nyuma ya duka, wewe ukimwimbia Kisomali. Sijawahi kuona mtu anapokea hivyo, na bado anapeana.

Sasa sikia. Jumatatu baada ya mazishi, Nashipai, yule mama Mmaasai wa maziwa, aliingia kwangu akaketi. "Enda kazi. Msichana wangu atauza maziwa, mimi nitakaa na huyu mtoto." Nikamwambia, mama, mimi sijawahi kukupa hata kijiko cha chumvi. Akacheka. "Kwani kila kitu ni maziwa, unapima, unalipa? Wewe ulibebwa mgongoni. Ulimlipa nani?"

Mama, nikamlaza Zakayo mapajani pake. Nikaenda. Siku hiyo yote nilikuwa naangalia watu kiwandani, nikiwaza, huyu pia alibebwa. Na huyu. Hata supavaiza, na ukali wake wote, kuna mtu alimpangusa kamasi. Nilishikwa na woga kama wa kanisani. Cherehani ilinisimama mkononi.

Kwa ile nyumba yako ameingia msichana, mja mzito, peke yake. Ukimuuliza chochote anasema, "Niko sawa." Kesho nitamgongea mlango na uji, mwepesi. Nakuahidi, hata akisema yuko sawa, sitaondoka.

Lala salama, Mama. Mungu wako na wangu akushike vile ulimshika Zakayo.

Mimi wako,
Mama Zakayo