Binti Asiye na Shirika

2 Machi

Mwanangu,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao ni wa fundi cherehani, hauna jipya. Kifua chako je, kimepona?

Barua yako nimeisoma mara mbili nikidhani macho ndiyo mabovu. Umetoka monasteri? Mwaka jana tulikuaga kama marehemu. Shangazi yako alilia mpaka akabebwa. Mama Mkuu akaniambia kupitia dirisha la nondo, "Baba, umemtolea Mungu sadaka," nami nikatembea mtaani kifua mbele kama jogoo. Kitanda chako nimeshakigawa. Nieleze polepole, maana babako si msomi: huko umekosa nini?

Baba yako


19 Machi

Shikamoo Baba,

Kifua kimepona. Pole na mgongo.

Sikukosa kitu. Ukimya niliupenda, na bado naupenda. Ila mimi ni muuguzi. Kwenye sala nilisikia watu wakikohoa nje ya ukuta, mikono ikaniwasha. Mama Mkuu mwenyewe alisema, "Binti, unasali huku umeshika kitasa cha mlango."

Sasa nipo kwa masista wa hospitali, kwa majaribio. Niombee.

Binti yako


30 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Mimi sijambo kwa shida.

Nimesikia kwa Paroko kwamba na hapo umetoka. Kwa Paroko, mbele ya kwaya nzima. Nilijifanya najua.

Eti kelele: mikutano, zamu, mazoezi ya nyimbo, hupati saa ya kukaa na Mungu. Kule kimya kimezidi, huku kelele zimezidi. Nina wateja wa namna hiyo. Suruali inabana, nikilegeza, inapwaya. Mchagua jembe si mkulima, mama. Mbona mimi nashona katikati ya soko, cherehani zinanguruma kila upande, na rozari yangu inaisha? Nani kanifungia ndani ya kuta?

Baba yako aliyechoka


12 Oktoba

Shikamoo Baba,

Natumaini uchovu umepungua.

Maneno yako ya soko nilimsomea padre anayenisaidia kupambanua wito. Akacheka, akasema wapo mabikira wanaowekwa wakfu na Askofu, wakabaki katikati ya watu. Hawana shirika wala sare. Nitapanga chumba karibu na hospitali: alfajiri kimya, kisha wodini. Nimeshaomba kwa Askofu, na malezi yameanza. Njia umenionyesha wewe, usinigombeze.

Binti yako


3 Novemba

Mwanangu,

Salamu zote.

Nilikuwa nakukaripia, sikuwa nakuongoza. Tangu lini mtu akafuata makaripio kama unabii?

Basi nikuambie la moyoni, mengine yote yalikuwa ya mdomo tu. Masista huuguzana, na wakifa huzikana. Wewe ukizeeka, ukaanguka peke yako humo chumbani, nani atakuja kugonga?

Baba


20 Novemba

Baba yangu, shikamoo.

Sijui. Askofu naye aliniuliza hilohilo, nikamjibu hivyohivyo, sijui. Naogopa kama wewe. Ila ni mara ya kwanza naamka asubuhi bila kutamani niwe mahali pengine.

Chumba nimeshapanga; njoo upaone.

Binti yako


11 Januari

Mwanangu,

Nimefika nyumbani salama. Asante kwa kunipisha kitanda; kukuona umelala sakafuni kumetosha kunipa aibu.

Nimewaita kaka zako na watoto wao wote. Nimewapanga ukutani, nikawafundisha njia ya kuja kwako: jina la mtaa, kona ya duka la dawa, mlango wa bluu. Aliyekosea amerudia. Kaka zako pia wamerudia, wamenuna. Nimewaambia watoto wakue wakijua kwamba shangazi huyu ni wao.

Mdogo kabisa ndiye anayenishinda. Kila nikimuuliza, anasema mlango wa kijani.

Tafadhali upake kijani.

Baba yako